Utumbo Unaijua Zinki

Leo mchana, ukishateremsha tonge la mwisho la ugali na maharage, au la wali na samaki, kuna seli huko ndani ya utumbo wako zitakazokionja chakula hicho kabla hakijakufaa kwa lolote. Ni chache mno. Katika kila seli mia zinazotanda utumbo kwa ndani, hizo ni moja tu hivi. Zimetawanyika mojamoja, zimebanwa na jirani zao ambazo kazi yao ni kufyonza, ncha zao zikigusa chakula kinachopita na sehemu zao za chini zikielekea kwenye mishipa ya damu. Zikionja mafuta, sukari, asidi au protini, humwaga homoni ndani ya damu. Homoni hizo ndizo zinazouamuru mfuko wa nyongo ubane, kongosho litoe maji yake ya kumeng'enya, na ubongo utambue kwamba mtu ameshiba. Ukizihesabu zote kwa pamoja, hakuna kiungo kingine cha kutoa homoni mwilini kinachozizidi kwa ukubwa, ingawa hakuna daktari awezaye kukuonyesha kwa kidole kiungo hicho kilipo.

Nataka leo tuzungumzie seli hizo na madini ya zinki. Ndiyo, zinki ile ile inayopakwa kwenye bati lisishikwe na kutu. Mwili wa mtu mzima una gramu mbili hadi tatu tu za zinki, lakini takriban protini moja kati ya kila kumi za mwili wa binadamu huishika zinki ili ifanye kazi yake. Tumezoea kuisikia katika orodha ya virutubisho vya kinga, ikitajwa baada ya vitamini A na madini ya chuma, kisha tunaisahau. Mimi nashikilia kwamba orodha hiyo imeidhulumu. Zinki inapovuka utando wa seli, kuingia au kutoka, seli hupata habari. Na wanyama, tangu inzi hadi nguruwe, huitumia habari hiyo katika kuamua kula zaidi au kuacha, kukua au kungoja.

Kwanza, tulijuaje kwamba utumbo hutoa homoni? Tarehe 16 Januari 1902, katika University College mjini London, William Bayliss na Ernest Starling walikuwa na mbwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi. Walikata neva zote za kipande kimoja cha utumbo wake mwembamba, wakabakiza mishipa ya damu peke yake, kisha wakamimina asidi ndani ya kipande hicho. Kwa elimu ya siku zile kongosho halikupaswa kupata habari yoyote, maana Ivan Pavlov wa Urusi alikuwa amewashawishi wengi kwamba neva ndizo zinazoliamuru. Lakini kongosho likaanza kutoa maji yake. Starling akaukwangua utando wa ndani wa utumbo ule, akausaga kwa mchanga na asidi, akauchuja, akaudunga kwenye mshipa wa damu wa mbwa yule. Kongosho likatoa maji tena, na kwa wingi.

Kitu hicho walikiita sekretini, na mwaka 1905 Starling akaanza kutumia jina la homoni kwa vitu vyote vya aina hiyo. Pavlov alimwagiza mwanafunzi wake arudie jaribio lile mbele yake, akalitazama, kisha akakiri kuwa wenzake wa London wamesema kweli. Napenda sana sehemu hiyo ya kisa. Mwanasayansi mkubwa, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji chakula, alikubali matokeo yaliyokwenda kinyume na mafundisho yake mwenyewe.

Sasa turudi kwenye zinki. Mwilini zinki haizunguki kama kipande cha chuma. Ni ayoni yenye chaji mbili chanya. Utando wa seli ni wa mafuta, na kitu chenye chaji hakipenyi kwenye mafuta. Kwa hiyo zinki haiendi popote bila kubebwa. Wanaoibeba ni protini zilizopachikwa kwenye utando, nami nitaziita vichukuzi. Ziko koo mbili. Ukoo wa ZIP, wenye wanachama 14 kwa binadamu, huingiza zinki katika maji ya ndani ya seli. Ukoo wa ZnT, wenye wanachama 10, huiondoa humo, ama kwa kuitoa nje ya seli kabisa ama kwa kuisukuma ndani ya vifuko vidogo vilivyomo selini. Ni kama mahamali wa bandarini, kikosi kimoja cha kushusha na kingine cha kupakia. Kichukuzi cha kwanza cha ukoo wa ZnT kilitambuliwa mwaka 1995 na Richard Palmiter na Seth Findley mjini Seattle, Marekani, kikaitwa ZnT1.

Pengine unajiuliza, kwa nini kazi yote hiyo kwa ajili ya ayoni moja? Kwa sababu zinki iliyo huru ni hatari. Hung'ang'ania protini yoyote inayoikuta, hata ile isiyoihitaji, na kuiharibia kazi. Ndiyo maana katika maji ya ndani ya seli zinki isiyoshikwa na kitu huachwa iwe kidogo mno, ilhali ndani ya vifuko vya baadhi ya seli hurundikwa kwa wingi. Tofauti hiyo kati ya maji ya seli na kifuko ndiyo inayoipa zinki uwezo wa kupeleka habari. Kitu kinachokuwepo kila mahali kwa kiasi kilekile hakiwezi kumwambia mtu lolote.

Seli za homoni zina haja maalumu ya zinki. Homoni nyingi za utumbo hazizaliwi zikiwa kamili. Hutengenezwa kwanza kama mnyororo mrefu wa asidi amino, kisha mnyororo hukatwa, ncha zake hupunguzwa, na mwisho hutiwa umaliziaji. Kimeng'enya kimojawapo cha kupunguza ncha, kaboksipeptidesi E, kina zinki katikati yake, na bila hiyo zinki hakikati kitu. Kingine, kinachomalizia ncha za gastrini, kolesistokinini na sekretini yenyewe, hutumia shaba na zinki kwa pamoja. Vimeng'enya hivyo hufanya kazi ndani ya vyumba vya seli ambavyo zinki haifiki ila kwa kuchukuliwa. Katika sehemu za mwanzo za njia hiyo, ZnT5 na ZnT6 hushikana wawili wawili, na ZnT7 hufanya kazi peke yake. Panya wa maabara waliozaliwa bila ZnT7 huwa na zinki kidogo mwilini na hukua kwa shida.

Lakini mahali ambapo kazi ya vichukuzi imechunguzwa kuliko kwingine ni kwenye kongosho. Nisamehe nikikaa hapa kidogo. Kongosho si mgeni katika mazungumzo yetu, kwani kijusi kinapoumbika, kongosho huchipuka kutoka kwenye utumbo, na seli zake za homoni ni ndugu wa karibu wa seli za utumbo. Seli za beta, zinazotoa insulini, hurundika zinki ndani ya vifuko vyake kwa viwango ambavyo ni miongoni mwa vya juu kabisa katika mwili mzima.

Historia yake ni ndefu. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Mwaka 1926 John Jacob Abel wa Baltimore alifaulu kuifanya fuwele, lakini wenzake walipojaribu kurudia walishindwa mara kwa mara. Mwaka 1934 David Scott, huko huko Toronto, alionyesha kilichokuwa kinakosekana: ukiongeza zinki, fuwele zinajitokeza. Kisha Dorothy Hodgkin wa Oxford, aliyepiga picha yake ya kwanza ya fuwele za insulini kwa miale ya eksirei mwaka 1935, aliendelea kuifuatilia hadi mwaka 1969 alipoonyesha umbo lake lote. Molekuli sita za insulini zimejipanga zikizunguka ayoni mbili za zinki. Hivyo ndivyo insulini inavyohifadhiwa katika seli zetu, ikiwa imefungwa sita sita na kukauka kuwa fuwele ndani ya kifuko, tayari kumwagwa. Kifuko kinapofunguka kwenye damu, kiwango cha asidi hubadilika, kifungo kinaachana, na insulini inakwenda kufanya kazi yake moja moja.

Nani anaiingiza zinki hiyo kwenye kifuko? Jibu lilipatikana mwaka 2004 mjini Grenoble, Ufaransa, Fabrice Chimienti na wenzake walipokitambua kichukuzi kilichoitwa ZnT8, ambacho hupatikana zaidi katika seli za homoni za kongosho. Kichukuzi hicho hutumia hila nzuri: ndani ya kifuko mna asidi nyingi, kwa hiyo ZnT8 huruhusu ayoni za haidrojeni zitoke na kwa nguvu hiyo hiyo huivuta zinki iingie. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2007, uchunguzi wa jeni za maelfu ya watu ulionyesha kwamba badiliko la herufi moja katika jeni ya ZnT8 huenda sambamba na kisukari cha aina ya pili. Mwaka huo huo, watafiti wa Colorado wakiongozwa na John Hutton walionyesha kwamba wengi wa wagonjwa wapya wa kisukari cha aina ya kwanza wana kingamwili zinazokishambulia kichukuzi hicho hicho. Leo kipimo cha kingamwili hizo ni mojawapo ya vipimo vinavyosaidia kuutambua ugonjwa huo.

Hapo wengi walidhani hesabu ni rahisi. ZnT8 ikiharibika, insulini itaharibika, na kisukari kitafuata. Panya walipoondolewa ZnT8, kweli fuwele za insulini zilipotea kwenye vifuko vyao, lakini panya wenyewe hawakuugua kama ilivyotarajiwa. Kisha mwaka 2014 ikatangazwa taarifa iliyowashangaza wataalamu. Katika uchunguzi wa watu wapatao 150,000, wale waliozaliwa na nakala moja ya jeni ya ZnT8 isiyofanya kazi walikuwa na hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili iliyopungua kwa takriban asilimia 65. Wenye kichukuzi pungufu ndio waliokingwa! Kwa maoni yangu, hilo linapaswa kumnyamazisha kila mwuzaji wa virutubisho anayehubiri kwamba zinki nyingi ndiyo dawa ya sukari. Suala si wingi wa zinki uliomezwa. Suala ni zinki inakwenda kifuko gani, saa ngapi, na kwa idhini ya kichukuzi gani.

Na kabla sijaondoka kongoshoni, nikutajie mnyama mmoja. Simbilisi, wale wanaofugwa kwa kitoweo katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, wana insulini isiyoshika zinki kabisa. Kwao kile kifungo cha sita sita hakipo. Wanaishi, wanazaa na wananenepa. Maumbile yana njia zaidi ya moja.

Tupande sasa kwenye utumbo mwembamba, mahali zinki ya chakula inapoingilia mwilini. Lango lake kuu ni kichukuzi cha ZIP4, kilichopo kwenye uso wa seli za kufyonza. Upande wa pili, ZnT1 huitoa selini na kuikabidhi kwa damu. Mnamo mwaka 1942 daktari wa Norwei, Niels Danbolt, pamoja na mwenzake Karl Closs, walieleza ugonjwa wa kurithi wa watoto wachanga: vidonda kuzunguka mdomo, sehemu ya haja na vidoleni, nywele kunyonyoka, kuharisha kusikokoma, na mara nyingi kifo. Jambo la kusikitisha na la kushangaza ni kwamba ugonjwa mara nyingi ulianza mtoto alipoachishwa ziwa. Mwaka 1973 madaktari wa London, Barnes na Moynahan, walitangaza kwamba zinki ya kumeza inawaponya watoto hao. Na mwaka 2002 ndipo jeni yenyewe ilipotambuliwa: ni ile ya ZIP4. Mtoto anakula, zinki imo katika chakula, lakini lango limefungwa. Anapopewa zinki nyingi zaidi, kiasi kidogo hupenya kwa njia nyingine, na hicho humtosha kuishi. Ndama wa ng'ombe wa Friesian wana ugonjwa unaofanana na huo kabisa, na jeni iliyoharibika kwao ni hiyo hiyo.

Angalia dalili moja ambayo vitabu huitaja kwa haraka: kukosa hamu ya kula. Panya akilishwa chakula kisicho na zinki, baada ya siku chache tu hupunguza kula, na kisha huingia katika mzunguko wa kula kidogo, kuacha, na kula tena. Hana homa wala kidonda. Chakula ni kile kile, kina wanga na protini ya kutosha. Kilichoondolewa ni chembe za madini zisizoonekana, na mnyama amelijua hilo kabla mwili wake haujadhoofika. Amelijuaje?

Sehemu ya jibu ilitoka kwa wafuga nguruwe. Kwa miaka mingi huko Ulaya watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya walichanganyiwa zinki oksaidi nyingi katika chakula ili wasiharishe, na ilionekana pia kwamba wanakula zaidi na kukua upesi. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba zinki hiyo huchochea tumbo litoe grelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa Japani mwaka 1999 na Masayasu Kojima na Kenji Kangawa. Basi zinki iliwafikia kweli wale waonjaji wachache niliowataja mwanzo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi hayo ya dozi kubwa kuanzia Juni 2022, kwa sababu zinki iliyotoka na kinyesi ilikuwa inarundikana katika udongo na kwa hofu ya vijidudu sugu. Naona walifanya sawa.

Sehemu nyingine ya jibu ni kipokezi kiitwacho GPR39, kilichopo kwenye uso wa seli za tumbo, utumbo na kongosho. Kwa nasaba ni ndugu wa vipokezi vya grelini na motilini, homoni mbili zinazousukuma utumbo. Mwaka 2001 Michal Hershfinkel na wenzake nchini Israeli walikuwa wameshaonyesha kwamba seli za utumbo mpana huitikia zinki iliyo nje yake, lakini kipokezi chenyewe hawakukijua bado. Mwaka 2005 ikatangazwa kwa shangwe homoni mpya, obestatini, ikidaiwa ndiyo inayokiamsha GPR39 na kupunguza hamu ya kula. Maabara nyingine hazikuweza kulirudia jambo hilo. Mwaka 2007 watafiti wa Copenhagen wakaandika bila kuzunguka: obestatini haikiamshi; kinachokiamsha ni zinki. Kipokezi kilichotafutiwa homoni kwa miaka kadhaa kumbe kilikuwa kinayasikiliza madini. Na panya waliozaliwa bila kipokezi hiki huondoa chakula tumboni upesi kuliko wenzao.

Sasa nikupeleke kwa inzi wa matunda, yule mdogo anayezunguka juu ya maembe na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mwaka 2020, timu ya Irene Miguel-Aliaga mjini London ilichapisha katika jarida la Nature kazi ambayo mimi naiona kuwa nzuri kuliko zote katika habari hii. Walikuwa wanatafuta jeni zinazomsaidia buu wa inzi akue hata pale chakula kinapokuwa haba. Wakaipata moja, wakaiita Hodor. Protini yake ni mfereji unaopitisha ayoni za kloridi, na kinachoufungua ni zinki. Ili kulithibitisha waliipandikiza katika mayai ya chura, wakaona kwamba zinki ikiwekwa, mkondo wa umeme unapita.

Mfereji huo haupo kila mahali katika utumbo wa buu. Upo katika kundi dogo la seli za kufyonza, katika sehemu ya katikati yenye asidi. Seli hizo hazitoi homoni zenyewe, na hapo ndipo uzuri wa jambo ulipo. Tulidhani kuonja ni kazi ya seli za homoni peke yake, kumbe jirani zao wa kufyonza nao wanaonja. Buu mwenye Hodor nzima, akipewa nafasi ya kuchagua, huenda kwenye chakula chenye zinki. Buu asiye nayo hajali. Hula kidogo, hukua polepole, na ishara ya insulini mwilini mwake hupungua, hasa anapokuwa kwenye chakula hafifu. Katika maisha ya kawaida inzi hupata zinki kwenye hamira inayoota juu ya matunda yanayooza, kwa hiyo kuonja zinki ni njia ya kujua kwamba hapa pana chakula cha kumkuza mtoto. Utumbo unapokea habari ya madini, na mwili mzima unaamriwa ukue.

Jeni za aina ya Hodor hazipo kwa binadamu. Ni za wadudu tu. Lakini mbu aina ya Anopheles gambiae, ambaye sisi wa Afrika Mashariki tunamjua kwa malaria aliyotupa, anayo moja, na watafiti hao hao walipoiharibu waliona kwamba mbu hawezi kuishi bila hiyo. Ndiyo kusema, kifaa anachotumia mbu kuionja zinki kinaweza siku moja kuwa shabaha ya dawa inayomwua yeye bila kumgusa mtu. Siahidi kwamba dawa hiyo itapatikana. Nasema ni shabaha inayostahili fedha za utafiti, na ningependa kuona vyuo vyetu vikiwa mstari wa mbele kuifuatilia, kwa kuwa mbu huyo ni wetu.

Kwa binadamu, hadithi ya zinki na kukua ilianza Shiraz, Irani. Mwaka 1958 daktari kijana mzaliwa wa India, Ananda Prasad, alionyeshwa mwanamume wa miaka 21 mwenye umbo la mvulana mdogo. Alikuwa na upungufu mkubwa wa damu, akiishi kwa mkate wa ngano nzima bila nyama, na alikuwa na tabia ya kula udongo. Baadaye huko Misri, mwaka 1963, Prasad na wenzake walithibitisha kwamba vijana wa hali ile wana upungufu wa zinki, na walipopewa zinki walirefuka na kubalehe. Mkate wao ulikuwa na zinki. Ila nafaka nzima na jamii ya kunde zina fiteti, kitu kinachoikamata zinki utumboni na kuipeleka chooni kabla ZIP4 haijaigusa. Mahindi yetu na maharage yetu yana fiteti hiyo hiyo. Kulowesha maharage usiku kucha na kumwaga maji yake, kuotesha nafaka ziwe kimea, kuchachusha uji au kupika togwa, hayo yote hupunguza fiteti. Bibi zetu walikuwa wakifanya hivyo kabla ya maabara yoyote. Na dagaa wachache kwenye sahani ya mtoto, au chaza kwa wale wa pwani, huleta zinki isiyo na kizuizi hicho.

Mtoto anapoharisha, zinki humwagika pamoja na choo, na utumbo unaopaswa kuifyonza umejeruhiwa. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa pendekezo kwamba kila mtoto anayeharisha apewe zinki kwa siku 10 hadi 14, pamoja na ORS, yale maji ya chumvi na sukari. Haikuwa ahadi ya miujiza. Huko Pemba, jaribio kubwa la kuwapa watoto wadogo zinki kila siku kama kinga, lililotangazwa mwaka 2007, halikuonyesha kwa uhakika kwamba vifo kwa jumla vimepungua. Zinki ya kutibu kuharisha ni jambo lingine, na ushahidi wake una nguvu zaidi, hasa kwa watoto waliozidi miezi sita: siku za kuugua hupungua.

Kikwazo kimekuwa kutapika. Kidonge kina ladha ya chuma, mtoto anakitema au kukitapika, na mama anakata tamaa. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Dar es Salaam na India kwa watoto 4,500. Waligawanywa katika makundi ya kupewa miligramu 20, 10 au 5 kwa siku kwa muda wa siku 14. Dozi ndogo zilifaa sawa na ile kubwa, na kutapika kukapungua. Nimefurahi kwamba swali hilo limejibiwa kwa watoto wetu wenyewe, katika mji wetu. Na jibu hilo linaungana na yote tuliyoyasema: utumbo una milango yake, na kuujaza hakuifungui milango hiyo.

Kwa hiyo, mzazi unayenisikiliza, kuharisha kwa mtoto kusikupite bila zinki na ORS. Kipimo muulize mhudumu wa afya. Kidonge kiyeyushe katika kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Mtoto akitapika mara tu baada ya kumeza, mpe tena. Usimpe zaidi ya alichoandikiwa, maana zinki iliyozidi kwa muda mrefu huzuia shaba isifyonzwe. Na choo kikirudi kuwa cha kawaida siku ya pili au ya tatu, usiviweke vidonge kabatini. Endelea kumpa kila siku mpaka siku alizoandikiwa ziishe zote.